Dakika Ishirini za Kisiwani

Kwa miaka kumi na saba Mama Feri alivuka kwenda kisiwani mara nne kwa siku, na hata siku moja hakuwahi kukanyaga ardhi ya huko. Watu wa mtaani walipoambiwa hivyo walidhani anawatania. Hakuwa anatania. Feri ilipofungwa kamba kwenye gati la kisiwani, abiria walishuka wakicheka, na kuanzia hapo mpaka kuondoka zilikuwa dakika ishirini kamili. Katika dakika hizo kulikuwa na vyoo viwili vya kuosha, mabenchi arobaini na manane ya kufuta, ngazi mbili za kupiga deki na sakafu yote ya kufagia. Honi ya kwanza ilipolia zilikuwa zimebaki dakika tano. Ya pili ilipolia, feri ilikuwa inang'oka.

Kisiwa alikijua kwa kukichungulia kupitia kidirisha cha choo. Ukuta mweupe, benchi la mbao chini ya miti, na njia nyembamba iliyopinda na kupotelea majanini. Njia ile ilipopinda ndipo ulipokuwa mwisho wa anachokijua.

Jumapili hiyo alipanda feri kama abiria. Alivaa gauni lake la kutokea na viatu vyenye kisigino kidogo. Upande mmoja alikuwa na mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Askari kwa sababu ya sare yake, ingawa kazi yake ilikuwa ubawabu wa jengo la ofisi. Upande wa pili alikuwa mama mkwe wake, Bibi, mwanamke mkavu wa mwili na wa maneno, aliyeyashika maji kwa macho tangu walipoingia kana kwamba yangeweza kutoroka na chombo.

"Haya maji yana kina gani?" Bibi aliuliza.

"Ya kutosha, mama," Askari akajibu.

"Ya kutosha nini?"

"Ya kutosha kuelea."

"Na ya kutosha kuzama, sema ukweli. Nilikuzaa mimi, usinifiche."

Mama Feri alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kwenye mfuko wa shati la Askari kulikuwa na kadi ya familia, safari ya kwenda na kurudi, siku moja tu. Askari aliamini kuwa mkewe amezawadiwa kwa utumishi wa muda mrefu, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Kweli yenyewe ilikuwa nyingine. Ijumaa saa kumi jioni msimamizi alimwita ofisini, akamwambia kuwa usafi wa feri zote umepewa kampuni kutoka nje, na kampuni inakuja na watu wake. "Si kwamba tumekuchoka, mama," msimamizi alisema huku akipanga kalamu zake mezani. "Ni mabadiliko." Halafu akafungua droo akatoa ile kadi, kama mtu anayempa mtoto peremende baada ya sindano.

Unga ulikuwa umemwagika, na nyumbani hakuna aliyejua.

Angeweza kusema Ijumaa ileile. Lakini alipofika nyumbani alimkuta Askari ameketi kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, anaandika barua. Jengo lile lilikuwa na ghorofa tisa na sheria moja kwa bawabu, kwamba mgeni asimkute amekaa. Miaka ishirini na miwili Askari alisimama mlangoni saa kumi na mbili kwa siku, mpaka miguu ikavimba kama mikate iliyoumuka, na daktari akamwambia waziwazi kwamba akiendelea mwaka mwingine, hatatembea. Ni Mama Feri mwenyewe aliyemwambia miezi miwili iliyopita, "Acha hiyo kazi. Mshahara wangu utatubeba mpaka upone." Barua ya kuacha kazi ilikuwa imeandikwa mara nne, kwa sababu Askari alisoma shule ya usiku akiwa mtu mzima na hakukubali neno lolote likae vibaya. Angeipeleka Jumatatu asubuhi.

Jumamosi Askari alikuwa zamu, kwa hiyo ilibaki Jumapili peke yake. Nyumbani chumba kilikuwa kimoja, na upande wa pili wa pazia alilala Bibi, ambaye masikio yake hayakuwahi kuzeeka. Mama Feri alipiga moyo konde. Nitamwambia kisiwani, alisema moyoni. Tutakaa kwenye lile benchi, nami nitamwambia.

*

Kuwa abiria kulimshinda. Hakujua mikono iwekwe wapi. Mtu alipoangusha kifuniko cha chupa, aliinuka nusu, akakaa tena. Baharia wa kamba alipita, akasema, "Shikamoo mama," macho yakiwa kwenye kamba, akaenda zake haraka kuliko kazi ilivyohitaji.

Askari alikuwa akisoma. Hakuweza kupita mbele ya maandishi bila kuyasoma kwa sauti, tabia aliyoipata shuleni na hakuiacha. "Vifaa vya kujiokolea viko chini ya kiti. Usitupe taka majini. Ni marufuku kusimama kwenye ngazi." Akamgeukia mwanamume aliyekaa jirani, mtu wa miwani aliyekuwa na mkewe. "Umeona usafi huu, bwana? Huyu hapa ndiye mwenye kazi. Mke wangu. Leo wamempa safari ya bure, yeye na watu wake, kwa kumheshimu."

Mwenye miwani alitazama sakafu. Kwa bahati mbaya ilikuwa na maganda ya karanga na alama ya maji machafu. "Hongera," akasema.

"Leo yuko likizo," Askari akaongeza upesi. "Ndiyo maana."

Mama Feri aliinamisha kichwa akajitia kutafuta kitu kwenye mkoba. Aliyekuwa zamu siku hiyo alikuwa msichana wa aproni ya kijani, mgeni kabisa, aliyeshika ufagio kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Alifagia akielekea mbele, upepo ukimpiga usoni, na kila alichokifagia kilimpita kati ya miguu kikarudi kilikotoka. Alipofika kwenye benchi lao alisimama bila kusema. Abiria waliinua miguu bila kumtazama. Mama Feri naye akainua yake, na akashtuka jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Huyu binti atalia," Bibi akasema kwa sauti ambayo binti aliisikia.

"Mama, tafadhali," Mama Feri akanong'ona.

"Nimesema uongo? Tazama kidevu."

Kidevu kilikuwa kinatetemeka kweli.

*

Feri ilipofungwa gatini, watu wote walisimama kwa pamoja. Askari alitia mkoba wa chakula begani, ule wenye chupa ya chai, mikate, mayai ya kuchemsha, pamoja na pochi na simu ya mkewe, kisha akamshika Bibi mkono. Kushuka ngazi na miguu ile kulikuwa kazi ya mtu na nusu.

"Twende, mama watoto. Benchi lako lile pale, limekaa peke yake linakungoja."

Mama Feri aliliona. Kutoka hapa lilionekana dogo kuliko kutoka chooni. Baada ya hatua hamsini angekuwa amekaa pale, na baada ya hapo hapakuwa na kisingizio.

Nyuma yake ndoo ilianguka. Maji ya deki yalimwagika kutoka juu ya ngazi mpaka chini, na msichana wa aproni ya kijani akabaki ameshika mpini, amekufa ganzi. Kutoka juu sauti ya msaidizi wa nahodha ikasema, "Na leo tena? Dakika ishirini tu, binti. Hiyo kampuni yenu iliwaokota wapi?"

"Tangulieni," Mama Feri akamwambia mumewe. "Nakuja sasa hivi."

"Leo si zamu yako."

"Dakika mbili tu."

Alivua viatu, akavitia chini ya benchi, akachukua ufagio. "Huanzi hapo," akamwambia msichana. "Sikiliza upepo. Lazima uwe mgongoni mwako, ukusaidie. Vyoo kwanza, maana mtu akishuka ndipo havitumiki. Ngazi mwisho, usije ukazikanyaga tena mwenyewe. Lete kitambaa."

Kazi ikamchukua. Mikono yake, iliyokuwa haina pa kukaa tangu asubuhi, ikapata pa kukaa. Benchi moja, la pili, la tatu. Mwenye ufagio mkononi haulizwi chochote, na yeye siku hiyo hakutaka kuulizwa. Alifuta, akafagia, akazoa. Honi ya kwanza ikalia, akaongeza mwendo. Honi ya pili ikalia, naye alikuwa amepiga magoti anasugua kidato cha mwisho. Kwa miaka kumi na saba honi ile ilimwambia neno moja tu: maliza. Haikuwahi hata mara moja kumwambia shuka.

Sakafu ilipotikisika ndipo alipoinua kichwa. Gati lilikuwa limeshaachana na feri kwa upana wa chumba. Pale ukingoni alisimama Askari, mkono mmoja hewani, mkoba begani, na Bibi pembeni yake akiwa amefungua mdomo bila kutoa neno, jambo ambalo halikuwa limeonekana miaka mingi.

"Nimekuponza, mama," msichana akasema. Sasa alikuwa analia.

"Hapana," Mama Feri akasema. Alitazama benchi lile likipungua. "Nimejiponza mwenyewe."

*

Jumapili feri ilikwenda mara mbili tu. Ya pili ingeondoka mjini saa tisa alasiri. Mama Feri alikaa kwenye chumba cha kusubiria kuanzia saa tano, hana kadi, hana pochi, hana simu, gauni limelowa magotini. Saa nane na nusu alikwenda kwenye lango la abiria. Mkagua tiketi alikuwa kijana aliyemjua, ambaye alikula mara nyingi mikate yake.

"Kadi yangu iko na mzee wangu, kisiwani," alimweleza. "Niliachwa ndani ya feri. Nipitishe tu, nitarudi nao jioni."

Kijana alikuna shingo. "Mama, ingekuwa wiki iliyopita usingeniuliza hata. Ungepita. Lakini jina lako limefutwa Ijumaa, na hili lango ni la mashine. Halinisikilizi mimi."

"Msimamizi yuko?"

Msimamizi alikuwepo. Alitoka na kikombe cha chai, akasikiliza, akatikisa kichwa taratibu. "Nimeambiwa ulifagia asubuhi. Kwa nini lakini, mama? Kampuni ikisikia watasema tunatumia watu wasio na mkataba. Unaniweka pabaya."

"Nilimsaidia mtoto wa watu."

"Najua. Lakini sasa wewe ni raia wa kawaida." Akanywa chai. "Nunua tiketi kama wengine."

Mama Feri aliondoka. Hakutaka wamwone usoni. Karibu na bomba la maji alimkuta msichana wa aproni ya kijani anajaza ndoo, na msichana, bila kuambiwa neno, akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa plastiki, akatoa aproni nyingine iliyokunjwa, mpya, bado ina harufu ya dukani.

"Tumepewa mbili mbili. Moja ya kuvaa, moja ya kufua. Vaa, tupite lango la pembeni."

Mama Feri aliishika. Ilikuwa aproni ya watu waliomtoa kazini. Aliitazama mbele, akaitazama nyuma, kisha akaifunga kiunoni.

Mlinzi wa lango la pembeni alitazama aproni, hakutazama uso, akawafungulia.

Mwenye aproni hakai. Kwa hiyo alivuka tena akifanya kazi, mara ya tatu siku hiyo, na abiria wakainua miguu bila kumtazama, na msichana akafuata nyuma yake akijifunza kusikiliza upepo. Walipokaribia gati, msichana alimnyang'anya ufagio kwa upole.

"Shuka. Hizi dakika ishirini nitazimaliza mwenyewe."

"Ngazi?"

"Mwisho."

"Haya," akasema Mama Feri, akavaa viatu vyake.

*

Ardhi ya kisiwa ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, na miguu yake, iliyozoea sakafu inayoyumba, ilijikwaa mahali ambapo hapakuwa na kitu. Askari na Bibi walikuwa kwenye benchi. Askari alikuwa amevua viatu na soksi, ameinyoosha miguu kwenye majani. Ilikuwa imepungua uvimbe. Vifundo vya miguu, ambavyo mkewe hakuwa ameviona karibu mwaka mzima, vilikuwa vimejitokeza.

"Amekaa siku nzima," Bibi akasema. "Leo hiyo miguu imerudi kuwa miguu. Nimemwambia, kama ungezaliwa kiti ungekuwa mtu mzuri sana."

"Nilitaka kukufuata," Askari akasema. "Lakini hata kuogelea sijui."

"Najua."

Akakaa kati yao. Askari alitazama aproni, na kama kawaida yake midomo ikaanza kabla hajaamua. "Huduma za Usafi. Mfanyakazi wa Majaribio." Akasoma tena, polepole, kama anayehakikisha herufi. "Majaribio? Miaka kumi na saba, halafu majaribio?"

Bibi alifungua mdomo. Askari akainua kidole kimoja tu, na Bibi, kwa mara ya pili siku hiyo, hakusema.

"Si yangu," Mama Feri akasema. "Nimeazimwa ili nipite langoni. Mimi sina kazi, mzee wangu. Tangu Ijumaa. Ile kadi haikuwa zawadi. Ilikuwa kwaheri." Alitazama ile njia nyembamba iliyopinda. Kutoka hapa ungeweza kuona inakokwenda. Ilikwenda kwenye tangi la maji, basi. "Nilitaka kukwambia asubuhi, hapahapa. Nikashika ufagio."

Kutoka kwenye feri walisikia ufagio wa msichana, mwendo wake bado si sawa, lakini ukielekea upande unaotakiwa.

"Barua iko wapi?" Mama Feri akauliza.

Askari aliitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ilikuwa kwenye bahasha mpya. "Nilikuwa nimepanga nikusomee hapa. Wewe hujaisikia."

"Nisomee."

"Sasa?"

"Dakika zipo."

Akavaa miwani, akanyoosha karatasi juu ya goti. "Kwa heshima nawaarifu kuwa, baada ya kusimama kwenye mlango wa jengo lenu miaka ishirini na miwili bila kuchelewa hata siku moja, naomba sasa kwenda kukaa." Alisoma bila haraka, akishusha sauti kwenye kila nukta, mpaka mwisho, mpaka wenu mtiifu. Alipomaliza alivua miwani.

"Hapo pa 'kwenda kukaa' ni pazuri," Mama Feri akasema.

"Pamenichukua siku tatu."

"Panaonekana."

Akamwonyesha kona ya juu ya karatasi, mahali palipokuwa peupe. "Tarehe sikuweka. Nilitaka uiandike wewe, leo. Una mwandiko mzuri wa tarakimu." Akasubiri kidogo, kama vile bado jambo lingeweza kugeuka. Halafu akaikunja karatasi mara mbili, akairudisha ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya koti. "Basi ibaki hivyo. Haiozi."

Akainama kuchukua kiatu. Mguu wa kulia uliingia bila kusukumwa, na wa kushoto hivyohivyo, jambo ambalo siku nyingine lingewafurahisha. Mama Feri alishuka kwenye benchi, akapiga magoti kwa mara ya pili siku hiyo, akamfunga kamba za viatu, asizikaze.

"Nitatafuta kwingine," alisema akiwa chini. "Kesho asubuhi naanza."

"Utapata."

"Na wewe?"

"Mimi nipo mlangoni. Mlango unanijua."

Honi ikalia. Mama Feri aliinuka mbio, mikono tayari, macho tayari kwenye ngazi. Askari akamshika upindo wa aproni.

"Kaa. Hiyo ni ya kwanza. Zimebaki tano."

Akakaa. Bibi alipekua mkoba akatoa yai la mwisho, aliloliweka tangu saa sita kwa hasira na kwa upendo, akamtia mkononi. Mama Feri akalimenya. Maganda aliyakusanya kwenye kiganja kimoja, kipande kwa kipande, kisha akageuka huku na huku akitafuta pa kuyatia. Hapakuwa na pipa.

"Yaangushe hapo," Bibi akasema. "Si zamu yako."

Akayatazama kidogo. Kisha akafungua kiganja.